Risasi mbili mkononi mwa binamu

Leo jioni niko zangu Mama Ngina hapa Mombasa na viazi karai, binamu yangu akapiga simu ya video kutoka Wyoming, Marekani.

Msimu wa kuwinda kulungu umekaribia kwao. Huku kwetu Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977, bunduki mimi naziona kwa askari wa benki tu 😅

Akanionyesha risasi mbili, kila moja aina yake.
"Nibebe ipi, .308 au 6.5 Creedmoor?"
Sasa mimi najulia wapi?

Bunduki anazo zote mbili. .308 ni ya tangu 1952, nzito, madukani haikosi. Hiyo 6.5 ni nyembamba na ndefu, upepo hauisukumi sana.

Kumbe bunduki ukiirekebisha ipige sawa mita 200, mnyama akiwa mita 400 risasi ya .308 imeshashuka zaidi ya nusu mita!

Akanyoosha mkono mbele ya kamera, vidoleni mpaka kiwikoni.
"Yote hii yakhe, na bado."

Ule mkono hautoki kichwani. Sisi kwa manati tulikuwa tukikosa embe la juu ya utosi.

Mimi nimemwambia abebe 6.5, na akiona mbali asogee.

Nyinyi mngemwambiaje?