Glasgow, kwa Ajili ya Margaret

Wengi huenda Glasgow kumtafuta msanifu majengo Charles Rennie Mackintosh. Mimi nilimfuata mkewe, msanii Margaret Macdonald.

Nilitoka Edinburgh asubuhi kwa treni, safari isiyofika saa nzima, kisha nikapanda treni ya chini ya ardhi. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1896, wakati Margaret na mdogo wake Frances wameanza kusikika. Walipokuwa Chuo cha Sanaa cha Glasgow, mkuu wa chuo, Fra Newbery, aliona kazi zao zinafanana na za vijana wawili wa masomo ya jioni, Mackintosh na Herbert MacNair, akawakutanisha. Wakosoaji waliwabeza kwa wanawake warefu, waliokonda, waliowachora: mizimu, walisema.

Nikashuka Kelvinhall na kutembea hadi Makumbusho ya Kelvingrove. Kuingia ni bure. Sikusimama popote mpaka mbele ya Malkia wa Mei, kazi aliyoitengeneza Margaret mwaka 1900 kwa ajili ya mgahawa wa chai wa Kate Cranston, mtaa wa Ingram. Upana wake unapita mita 4. Ukiwa mbali unaona malkia katikati na wasichana pembeni. Sogea. Chini ni gunia lililopakwa plasta, na mistari ya magauni haikuchorwa kwa brashi: ni kamba nyembamba iliyopindwa kwa mkono, na humo mna shanga za kioo na vipande vya gamba la chaza. Ukiitazama kwa ubavuni, kila kamba ina kivuli chake. Mwaka huohuo ilionyeshwa Vienna, kwenye maonyesho ya kundi la wasanii liitwalo Secession, na huko walipokewa vizuri.

Ndiyo maana maduka ya zawadi yaliniudhi: vikombe, mikoba, vyote jina la mume. Mwenyewe hangekubali. Mwaka 1927 alimwandikia Margaret kwamba katika kazi zake zote za ujenzi, yeye mke alikuwa nusu yake, kama si robo tatu.

Jumba la sanaa la Hunterian limejenga upya vyumba walivyoishi kuanzia 1906 hadi 1914, vikiwa na fanicha zao. Nyumba yenyewe ilibomolewa miaka ya 1960. Sebule ni nyeupe, na nilijaribu kutafuta kazi ya mmoja inaishia wapi na ya mwenzake inaanzia wapi. Haiwezekani.

Nilimalizia mtaa wa Renfrew, penye jengo la Chuo cha Sanaa, alilolisanifu Mackintosh, lililoungua mwaka 2014, kisha tena 2018. Limezungushiwa jukwaa la ujenzi. Naomba lijengwe upya, na siku likifunguliwa, kibao kiwe na majina mawili.