Spana ya torki ya bei nafuu: anza na kitabu cha gari

Wengi wanaotafuta spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza bolti) ya bei nafuu huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni nzuri. Swali hilo lisubiri. Fungua kwanza kitabu cha gari, uandike torki za kazi unazozifanya mara kwa mara, maana hizo ndizo zinazoamua spana ya kununua.

Kwa magari madogo mengi, plagi hukazwa kwa torki ya niutoni-mita (Nm) 15 hadi 25, bolti ya kumwagia oili Nm 25 hadi 40, bolti za pini za kalipa (kibanio cha breki) Nm 25 hadi 35, bolti za braketi ya kalipa Nm 80 hadi 120, na nati za tairi Nm 90 hadi 140. Hizo ni za kukupa picha tu. Ya kukazia ni ile iliyoandikwa kwa gari lako. Nati kubwa ya ekseli kwenye habu mara nyingi hupita Nm 200. Usinunue spana kubwa kwa ajili ya nati hiyo moja unayoigusa mara moja katika miaka kadhaa, azima.

Sasa tazama spana inayouzwa sana, ya nusu inchi (upana wa kichwa chake cha mraba kinachoingia kwenye soketi), yenye kipimo cha Nm 28 hadi 210. Ukiisoma haraka unaona inafanya karibu kila kitu. Lakini spana ya springi, ile ya mlio inayolia torki uliyoiweka ikifika, haiaminiki sana chini ya moja ya tano ya kipimo chake cha juu, yaani hapa chini ya Nm 42 hivi. Plagi ya Nm 20 haimo kabisa kwenye kipimo. Bolti ya oili ya Nm 30 imo, ila huko chini springi imelegea, mlio ni hafifu, na mkono wa spana ni mrefu kiasi kwamba kiganja hakisikii kitu. Unaendelea kuvuta ukingoja mlio uliokwisha kupita, na uzi wa alumini (mistari ya skrubu) kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unachomoka pamoja na bolti. Hivyo ndivyo spana ya torki inavyoharibu kitu ambacho spana ya kawaida na mkono uliozoea vingekiacha salama.

Kwa hiyo ni spana mbili, si moja. Anayeshughulika zaidi na tairi, breki na sospensheni aanze na ya nusu inchi, Nm 40 hadi 200. Anayebadilisha oili na plagi aanze na ya 3/8, Nm 10 hadi 60 au karibu na hapo. Ya robo inchi inasubiri mpaka uanze kufungua kifuniko cha valvu, ambako bolti za M6 hukazwa kwa Nm 10 hivi na hukatika kirahisi.

Kuhusu aina, kama pesa ni kidogo kweli, ya mshale inadharauliwa bure. Ni mkono wa chuma unaopinda, na kijiti kinachoonyesha namba. Haina springi ya kuchoka, inapima pande zote mbili, na ikianguka kijiti kikaacha sifuri unakipinda taratibu mpaka kirudi. Ubaya wake ni kwamba lazima uitazame kutoka juu kabisa. Ukiitazama kwa pembeni unasoma namba nyingine. Chini ya gari, ambako kichwa chako hakifiki, haikufai.

Ya mlio inafanya kazi gizani na mahali pa kubanana. Kwenye za bei ya chini tafuta vitu vichache: cheti chenye namba ileile iliyochongwa kwenye spana, usahihi wa ±4% (ndicho kiwango cha kimataifa, ISO 6789, kwa spana zinazozidi Nm 10), namba zilizochongwa na si kupakwa rangi, na kifungio kisichoteleza ukikitikisa. Nyingi hupima upande wa kukaza tu, yaani mwelekeo wa mishale ya saa, hata kama racheti inageuka pande zote. Ya dijitali ya bei rahisi sioni sababu ya kuinunua. Pesa imekwenda kwenye kioo na betri.

Hakikisha pia Nm ndicho kipimo kikuu kwenye spana, si maandishi madogo pembeni ya futi-pauni (kipimo cha Kimarekani). Futi-pauni 80 ni Nm 108. Ukisoma mstari usio wako, umezidisha kwa zaidi ya theluthi.

Ukishainunua, ipime. Bana kichwa chake cha mraba kwenye jiriwa, mkono ukiwa umelala sawasawa, upande ambao kushuka kwake ni kukaza. Weka Nm 80. Ning'iniza dumu katikati ya kishikio, si mwishoni, kwa sababu spana nyingi za mlio zimepimwa nguvu ikiwa hapo. Pima umbali kutoka katikati ya mraba hadi kamba ya dumu. Tuseme ni sentimita 40: kila kilo inaleta Nm 3.92, na lita moja ya maji ni kilo moja. Usisahau uzito wa dumu lenyewe wala wa spana. Spana ya kilo 1.3 inayosawazika sentimita 20 kutoka kwenye mraba inaongeza Nm 2.5 peke yake. Inabaki Nm 77.5, yaani kilo 19.75. Mimina kidogo kidogo, na kila mara inua mkono kisha uushushe polepole. Ikilia kati ya kilo 19 na 20.5, iko ndani ya ±4%.

Rudia mara tano. Spana inayolia kila mara kwenye kilo 21 bado inatumika, kwa sababu kosa lake unalijua na unaweza kulirekebisha. Inayolia kwenye 18, halafu 21, halafu 19, irudishe dukani.

Kwenye kazi yenyewe, vuta taratibu, ikilia acha. Ule mtindo wa kuilizia mara mbili tatu "kwa uhakika" unaongeza torki kila mara. Uzi uwe safi na mkavu isipokuwa kitabu kimesema vingine: sehemu kubwa ya torki huishia kwenye msuguano, na kiasi cha moja ya kumi tu ndicho kinachovuta bolti. Ukipaka oili, msuguano unapungua na bolti inavutwa kupita kiasi kwa namba ileile. Nati za tairi kaza kwa kuvuka upande wa pili, kwanza Nm 60 kisha namba kamili, tairi likigusa chini. Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo. Kiungio kinachorefusha mkono kwenda mbele kinabadilisha. Bolti za silinda hedi zinazotaka Nm kadhaa kisha kugeuzwa nyuzi 90 (robo ya mzunguko) haziishii kwenye mlio, unahitaji kipima pembe pia.

Usifungulie nati na spana hii. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo, si chini ya hapo, kwani springi ikiachwa bila mzigo wowote sehemu za ndani huweza kuhama. Irudiwe kupimwa baada ya miezi 12 au milio 5,000, na mara moja ikianguka kwenye sakafu ya saruji.

Ya mtumba? Ya mshale, ndiyo. Ya mlio, tu kama muuzaji anakuruhusu kuja na dumu lako.