Aliyezikwa kabla ya kubatizwa

Binamu wa mume wangu, yule wa Kanada, ametutumia mti wa ukoo. Umekuja kwa barua pepe, majina kwa mamia, matawi yamepanda hadi kwa watu waliovuka bahari na William Mshindi mwaka 1066, na kileleni kabandika ngao yenye simba wawili. Nikawa nashuka nao taratibu kwa kidole mpaka nikamkuta ninayemtafuta: William, mtoto wa kabaila wa kijiji, kabatizwa Oktoba 1741, kaoa 1766, kazaa watoto sita. Nikacheka peke yangu. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia babu yenu kafufuka tena.

Huyu William hakuoa mtu. Najua, kwa sababu nilikuwapo siku mavyaa wangu alipomkuta kaburini.

Mama, Mungu amrehemu, ndiye huyo mavyaa wangu, mama wa mume wangu. (Sikuweza kamwe kumwita kwa jina lake tupu kama walivyoitana wao. Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, akashtuka, kisha akazoea.) Ukoo wa baba yake, kwa maneno yake, ulitoka kwenye jumba moja la matofali mekundu nje ya kijiji huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kila tukipita na gari lazima tupunguze mwendo. Ushahidi wake ulikuwa karatasi aliyoichora ami yake miaka ya thelathini, pamoja na nakala ya mstari mmoja wa daftari la ubatizo. Alipostaafu akataka jambo lithibitishwe, wajukuu waje kujua wao ni nani. Mwanawe akakataa katakata kwenda kukaa na makaratasi. Mimi nilikuwa nyumbani, kazi sijapata, na macho yangu yalikuwa bado mazima.

Basi tukaenda Norwich, Ofisi ya Nyaraka ya Norfolk, jirani na County Hall, makao ya halmashauri yao. Mkoba unafungia kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaingia na penseli na daftari kama mtoto wa darasa la pili. Mama alikuja na raba yake mwenyewe.

Kwenda nyuma hadi 1837 hakukuwa na taabu, kwa kuwa Julai mosi ya mwaka huo ndipo serikali yao ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo. Nyuma ya hapo unategemea kanisa tu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iandike kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, na watu wakanung'unika wakidhani ni mbinu ya kodi mpya. Kama karani alikuwa mvivu, au panya walifika kabla yako, ukoo wako umekatikia hapo. Sisi tulibahatika, madaftari yalikuwapo, tukayasoma kwenye mashine ya mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa zilizopigwa kwenye mkanda. Yale ya kuanzia 1813 yamechapwa kwa safu, na safu mojawapo ni kazi ya baba. Kibarua. Kibarua. Kibarua. Mama akasema ni dhahiri walifilisika.

Kisha ndoa ya 1766. Tangu sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke ilipoanza kutumika mwaka 1754, bwana na bibi harusi walitakiwa kutia saini mbele ya mashahidi. William wetu ametia msalaba. Nikamwangalia Mama. Mtoto wa kabaila, hajui kuandika jina lake?

"Labda aliumia mkono," akasema.

Sikubishana, mkwe ni mkwe. Tulikuta ule ubatizo wa Oktoba 1741 kama alivyokuwa nao kwenye nakala, neno kwa neno, akafurahi, akapiga tiki. Kazi ingeishia hapo. Ni yeye mwenyewe aliyesema, hebu nenda na kwenye maziko, tujue kabaila alifariki lini.

Nikazungusha. Maandishi ya karani yule yalikuwa yamelalia kulia, herufi ndefu za S kama ndoana, wino mahali pengine umefifia kabisa. Sikuwa hata nasoma maneno, nilikuwa natafuta umbo la jina lao, maana baada ya saa chache nilikuwa nimeshalijua kwa sura. Nikaliona. Nikasimamisha mashine. Februari, William, mwana mchanga wa Bwana Fulani, yule yule wa jumba la matofali. Nikaangalia juu ya ukurasa: 1741.

Sikusema kitu. Nilijaribu hata kusogeza picha kidogo, lakini Mama alikuwa ameshainama, miwani karibu iguse kioo. Akasoma mara moja bila sauti, midomo ikitembea. Akasoma tena kwa sauti. Halafu, badala ya kunyamaza kama nilivyotarajia, akacheka, kicheko cha mtu aliyeshinda kesi.

"Kabatizwa Oktoba 1741. Kazikwa Februari 1741. Anazikwaje kabla ya kubatizwa? Huyu ni William mwingine, au karani alikuwa amelewa."

Akamwita mtunza nyaraka ili ashuhudie ulevi wa karani. Akaja kijana mmoja mwenye sweta, akachuchumaa kando ya mashine, akaangalia, na nikaona usoni mwake kwamba jambo hili ameshawaeleza watu wengi kabla yetu. Akamwomba Mama asome mstari ulio juu ya ule wa William. Desemba 1741. Na wa chini? Machi, siku za mwisho, na hapo karani kaandika kwa herufi kubwa 1742.

Akaeleza kwa sauti ya chini, maana wengine walikuwa wanasoma. Hadi 1751, Uingereza ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari. Januari na Februari zilikuwa mkiani mwa mwaka. Kwa hiyo Februari 1741 ya karani ni ile ambayo leo tungeiita 1742. Walibadilisha mwaka 1752, na mwaka huohuo wakaruka siku kumi na moja, watu wakalala tarehe 2 Septemba wakaamkia tarehe 14.

Mimi nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza. Aliyekulia Tanga, ambako saa moja ni asubuhi jua limechomoza, hashangai kuambiwa mwaka unaanza Machi. Mama ilimchukua muda. Alihesabu kwa vidole juu ya meza, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Akarudia kuhesabu kuanzia Novemba.

"Miezi minne," akasema.

Kijana akasema pole. Waingereza hawasemi pole kwa maiti wa karne mbili na nusu zilizopita, lakini huyu alisema. Mama akafungua lile karatasi la ami yake, akachukua raba, akaufuta mstari uliomuunganisha William na watu wote walio chini yake, yeye mwenyewe akiwamo, na mume wangu, na watoto wangu. Ulikuwa wa penseli, lakini wa miaka mingi, haukutaka kutoka. Alifuta mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Kisha akapuliza chenga za raba, akazikusanya kiganjani, akaniuliza pipa la taka liko wapi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kijana akatushauri tuangalie parokia za jirani. Norfolk imebakiwa na makanisa zaidi ya mia sita ya enzi za kati, unaweza kusimama kwenye mlango wa moja ukaona mnara wa jingine. Katika parokia ya tatu, mwaka 1743, tukampata William mwingine wa jina lilelile la ukoo, lililojaa Norfolk kama Juma lilivyojaa kwetu. Mama yake ni Ann. Baba hayumo. Karani ameandika tu kwamba mtoto ni wa nje ya ndoa, na hakutumia maneno ya upole.

Je, ndiye yule wa msalaba? Umri unakubali, ufukara unakubali. Kijana alisema "inawezekana", na kila tulipombana alirudi kwenye "inawezekana" yake, na mpaka leo sina zaidi ya hilo. Kwetu bibi alikuhesabia mababu kwa mdomo, hakuwako karani wa kumkanusha. Sijui kama huko ni kukosa au ni kupata.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki. Zamani zile maskini walilishwa na parokia, kwa sheria ya 1601, kwa hiyo mwanamke akizaa bila mume, wasimamizi wa maskini walimbana amtaje baba ili huyo atie saini hati ya kulea, parokia isigharimike. Hati hizo zilitunzwa kwenye sanduku la kanisa pamoja na hesabu za mikate na viatu. Nyaraka za sanduku la parokia ya Ann hazikusalia. Madaftari tu ndiyo yaliyofika ofisini.

Nilidhani habari hiyo itamvunja moyo kabisa. Aliandika "hazikusalia" kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akafunga.

Wakati wa kurudi mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Hakusema kitu mpaka tulipokaribia lile jumba la matofali mekundu, akaniambia nipunguze mwendo kama kawaida.

"Kutoka hapa hadi kwa Ann ni umbali gani?"

"Maili mbili, Mama. Labda na nusu."

Akaligeukia jumba, akaliangalia mpaka likabaki nyuma yetu.

"Hakuna palipoandikwa kwamba baba si yeye," akasema.

"Kweli, hakuna."

"Na maili mbili mtu anatembea."