Faili la ukoo likigoma kufunguka, usisevu kwanza

Ukifungua The Sims 4, gemu ya kompyuta ya kulea familia za watu wa kubuni, ukakuta faili ulilosevu ukoo wako halimo kwenye orodha, au limo lakini ukilibofya gemu inazunguka tu bila kuingia ndani, funga gemu. Usijaribu tena na tena. Na kama limefunguka nusunusu, nyumba ipo lakini watu hawapo, au watu wapo lakini wamesimama kama sanamu, toka bila kusevu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakipoteza familia za miaka, na mara nyingi kilichowamaliza si ule uharibifu wa mwanzo. Ni kusevu kulikofuata.

Sababu ni hii. Unaposevu, gemu haitupi faili la nyuma papo hapo. Inalipa jina jingine na kuliweka pembeni. Lililokuwa Slot_00000004.save linageuka Slot_00000004.save.ver0. Lililokuwa ver0 linasogea kuwa ver1, na foleni inaendelea hivyo mpaka ver4. Lililokuwa ver4 ndilo linaloondoka moja kwa moja. Kwa hiyo wakati wowote una nakala 5 za nyuma, ver0 ikiwa ya karibuni na ver4 ikiwa ya zamani kuliko zote. Sasa fikiria mtu amefungua nyumba iliyokwisha kuharibika, akasevu aone kama itajirekebisha, akatoka, akarudi, akasevu tena. Kila akibonyeza, nakala moja nzima inasukumwa nje na nyumba mbovu inachukua nafasi yake. Akifanya hivyo mara 5, foleni nzima ni ubovu mtupu.

Mafaili yenyewe yanakaa Documents, ndani ya folda ya Electronic Arts, halafu The Sims 4, halafu saves. Kwenye Mac njia ni hiyohiyo. Jina ulilolipa faili ndani ya gemu hutaliona hapo, utaona namba tu, na hesabu yake ni ile ya kompyuta ambayo baada ya 9 inaingia a, basi usishtuke ukikuta Slot_0000000a. Yapange kwa tarehe ya mwisho kubadilishwa na utalitambua la kwako. Kama Windows inakuficha viambishi vya mwisho vya majina, kama .save, washa vionekane kwanza, la sivyo utabadilisha jina gizani.

Ukoo ulionifundisha haya ni wetu wawili, mimi na mdogo wangu. Tunacheza ile changamoto ya vizazi 10: unaanza na mtu mmoja kwenye kiwanja kitupu, anajenga, anazaa, na kila kizazi kinatoa mrithi mmoja wa kuendeleza nyumba. Tulishafika kizazi cha 7. Bibi mwanzilishi tulimpa pua ndefu yenye kibonyeo katikati, na ile pua imeruka kizazi cha tatu, ikarudi kwa mapacha wa kizazi cha nne, ikapotea tena, ikaibuka kwa kitukuu ambaye hata hakuwahi kumwona bibi huyo akiwa hai. Hakuna aliyeipanga. Gemu inachanganya sura za wazazi na matokeo yanakuja yenyewe. Mtu asiyecheza atasema ni vikaragosi. Sisi tunawajua kwa majina, kwa tabia, na kwa makaburi yaliyo nyuma ya nyumba.

Jioni hiyo tulikuwa tumemwoza mrithi. Tulishasevu mara moja baada ya harusi, mdogo wangu akabonyeza kusevu tena, na umeme ukakatika kabla haijamaliza. Uliporudi akaiwasha kompyuta, akaniita: "Dada, hawapo. Ukoo wote haupo."

Nikamwambia asiguse kitu. Kabla sijafungua chochote nilinakili folda nzima ya saves kwenye flashi, pamoja na faili bovu lenyewe. Hapo hata ningekosea mbele ya safari, nilikuwa na pa kurudia.

Faili kuu lilionekana zima kwa macho, lina megabaiti zake kama kawaida. Nikalifungua kwa programu ya kuonyesha baiti mojamoja. Faili zima la gemu hii huanza na herufi nne, DBPF, alama ya muundo ambao gemu hizi zimekuwa zikitumia kupakia data zake. La kwetu lilianza na 00 00 00 00. Nikashuka chini: sifuri. Nikaruka mpaka katikati: sifuri. Mpaka mwisho. Kompyuta ilikuwa imeshaandika kwamba hapa pana faili la ukubwa fulani, ila yaliyomo hayakuwahi kufika kwenye diski. Ukikuta hivyo usipoteze pesa kwa programu zinazojitangaza kufufua kila faili. Ndani ya sifuri hakuna cha kufufua. Nenda kwenye nakala.

Gemu ina njia yake ya kufanya hivyo: kwenye orodha ya mafaili unachagua faili lako, unabonyeza kitufe cha Recover Save, na nakala zinakuja na saa zake, unachagua. Ni njia nzuri na ndiyo ya kuanza nayo. Kwetu faili lilikuwa halionekani kwenye orodha, basi ikabidi kwa mkono. Nililihamishia faili la sifuri nje ya folda, nikanakili ver0, na ile nakala nikaifuta .ver0 mwishoni ili jina liishie kwenye .save. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Ila fanya kwa nakala, ver0 halisi ibaki mahali pake.

Ver0 ilionekana kwenye orodha, ramani ya mtaa ikafunguka, tukapumua. Tulipoingia nyumbani, ikazunguka bila mwisho.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kabla ya kuihukumu nakala, ijaribu kwenye folda safi. Ibadilishe jina ile folda ya The Sims 4 iliyo Documents, iite chochote, kisha washa gemu. Haikuti folda yake, basi inajitengenezea mpya, isiyo na modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, wala mabaki ya zamani. Funga, weka faili moja tu kwenye saves mpya, fungua. Likifunguka hapo, faili lako ni zima na mgonjwa ni modi, hasa zile za skripti, zinazobadilisha namna gemu inavyofanya kazi, ambazo hazijasasishwa baada ya gemu kusasishwa. Utazitafuta kwa kugawa nusu kwa nusu: toa nusu, jaribu, rudisha, toa nusu nyingine. Futa pia localthumbcache.package, ambayo gemu huitengeneza upya yenyewe. Lakini katika majaribio yote hayo, narudia, usisevu. Wahusika waliovalishwa nywele na nguo za kupakua watatokea bila vitu hivyo kwa sababu modi hazipo, na ukisevu wakiwa hivyo ndivyo watakavyobaki.

Ver0 yetu iligoma hata kwenye folda safi. Ver1 ikafunguka, ikaingia nyumbani, kila mtu mahali pake: bibi kaburini, mapacha wazee wanagombania kiti, mrithi bado hajaoa.

Mdogo wangu hakutaka kuipoteza harusi. Akakumbusha kwamba ramani ya ver0 inafunguka, na kwenye ramani unaweza kuihifadhi familia kwenye maktaba ya gemu bila kuingia nyumbani kwao, kisha ukaipandikiza kwenye faili lingine. Ni kweli. Mafaili ya maktaba yanakaa kwenye folda ya Tray, na familia iliyotolewa hivyo inakuja na ujuzi wake, kazi zake, tabia zake, na mahusiano ya wale waliokuwa wakiishi pamoja. Imeokoa watu wengi na ni lazima uijue. Lakini wasiokuwa kwenye kaya ile hawaji. Marafiki wa nje hawaji, mashangazi waliohamia mtaa mwingine hawaji, na marehemu wanakatika kwenye mti wa nasaba. Kitukuu atafika na pua ndefu, na mti utaonyesha kwamba hana alikoitoa.

Kwangu mti wa nasaba ndio gemu yenyewe. Pesa zinarudi, nyumba inajengwa, ujuzi unasomwa tena. Uzi wa vizazi ukikatika haushoneki kwa mkono ukawa uleule. Kwa hiyo nilishikilia kwamba tuchukue ver1 yenye mti mzima na harusi tuirudie, na mdogo wangu alipoufungua mti akawaona wote mpaka juu, alikubali. Maktaba naiweka kuwa njia ya mwisho, nakala zote 5 zikishakataa.

Siku hizi tunasevu kwa Save As, yaani faili jipya lenye namba yake na foleni yake, kila mrithi mpya anapokabidhiwa nyumba. Hivyo hata foleni ya faili moja ikiharibika yote, kizazi cha nyuma kipo. Na folda mbili, saves na Tray, zinanakiliwa kwenye diski ya nje baada ya gemu kufungwa. Ukinakili gemu ikiwa wazi inasevu, unaweza kuondoka na nusu faili.

Wanaocheza zilizotangulia wana kazi ngumu zaidi. Kwenye The Sims 3 ya mwaka 2009 faili lako ni folda inayoishia na .sims3, na nakala ya nyuma ni moja tu, yenye .backup mwishoni. Ondoa neno hilo kwenye jina la nakala na itasomwa. Ukipewa Error 12 wakati wa kusevu, kwa kawaida kumbukumbu ya programu imejaa. Acha faili la zamani kama lilivyo, zima gemu, uwashe upya. The Sims 2 haikuwekei nakala yoyote, basi nakili folda nzima ya mtaa wewe mwenyewe, na usifute makaburi wala wahusika waliokufa. Walio hai bado wanawakumbuka ndani ya data, na kumbukumbu inayoelekeza kwa mtu aliyefutwa ndiyo inayouozesha mtaa polepole. Wahamishie makaburi yao kwenye kiwanja kimoja cha jumuiya na uwaache hapo.