Vijitundu vya kifuu: kaboni ya nazi ya kunasa hewa ya ukaa

Makumbi ya madafu yanayorundikana kando ya mikokoteni pale Mama Ngina, Mombasa, hayafai kwa kazi ya kutengeneza kaboni ya kunasa hewa ya ukaa. Tulimalize hilo mapema, maana ndiyo malighafi inayokimbiliwa na kila mtu: ni ya bure na ipo tele. Lakini dafu ni changa, kifuu chake hakijakomaa, na mengine yote ni nyuzi na maji. Ukilichoma unapata mkaa mwepesi unaomomonyoka mkononi. Kinachotakiwa ni kifuu cha nazi iliyokomaa, kile kigumu kinachobaki baada ya nyama yake kukunwa kwenye mbuzi. Waulize wauza nazi za kukuna katika soko la Kongowea. Kikwangue mabaki ya nazi na nyuzi zote za nje, kisha ukioshe kwa maji baridi. Kilichookotwa ufuoni kiache huko huko, chumvi yake itabaki kama jivu ndani ya kaboni.

Kwa nini kifuu? Kina lignini nyingi (ile kitu inayoufanya mti uwe mgumu) na jivu kidogo, na kikichomwa bila hewa kinaacha kaboni ngumu yenye vijitundu vyembamba mno. Na wembamba ndio mambo yote. Molekuli ya hewa ya ukaa ina upana wa nanomita 0.33 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ikiingia kwenye tundu lisilozidi nanomita 0.8, kuta za pande zote mbili huivuta kwa pamoja, ikabaki humo. Kwenye tundu la nanomita 3 inavutwa na ukuta mmoja tu, na kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa inapita kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Ndiyo maana kaboni yenye eneo la uso la mita za mraba 3,000 kwa gramu inaweza kushindwa na yenye 1,500. Anayekuuzia kaboni kwa sifa ya eneo la uso peke yake, mwulize ukubwa wa matundu.

Njia ya viwandani ni mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi. Ni safi na nafuu, na kaboni nyingi ya vichungi vya maji hutengenezwa hivyo. Kwa hewa ya ukaa, hata hivyo, potasiamu haidroksaidi, tutakayoiita potasi, huchonga matundu membamba zaidi, basi hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa, kwa kipimo cha maabara.

Kausha vifuu kwenye nyuzi 105 usiku kucha, uvivunje, kisha uvichome kwenye tanuri la bomba linalopitisha nitrojeni: panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 500, ushikilie saa moja. Kilo 10 za vifuu hutoa mkaa wa kilo 2.5 hadi 3. Usage na uchekeche, ubakishe chembe za milimita 0.5 hadi 1. Vumbi likizidi, potasi hula nje ya chembe na kuziyeyusha badala ya kuzichonga ndani.

Sasa potasi yenyewe. Kwa gramu 10 za mkaa unataka gramu 20, ila vidonge vya dukani kwa kawaida vina potasi halisi asilimia 85 tu, iliyobaki ni maji. Kwa hiyo pima gramu 23.5. Na upime haraka. Kwa unyevu wa Mombasa, vidonge vilivyoachwa kwenye sahani ya mizani vinaanza kung'aa, vinalowa, vinashikana, na namba ya mizani inapanda huku unaitazama. Ukisubiri itulie, haitulii. Mbaya zaidi, potasi iliyolowa hivyo hunywa hewa ya ukaa iliyomo chumbani na kugeuka kaboneti kabla hata kazi haijaanza. Fungua kopo, chota, funga.

Iyeyushe kwenye mililita 30 za maji yaliyotoneshwa. Yatapata moto sana, subiri yapoe ndipo utie mkaa. Vaa miwani na glavu: ule utelezi kwenye vidole ni ngozi yako ikigeuka sabuni. Acha ilowe usiku mmoja, kisha kausha kwenye nyuzi 110.

Chombo cha kuchomea kiwe cha nikeli. Kauri na kwatzi huliwa na potasi, na bomba lililotoboka katikati ya kazi ni hasara ya tanuri zima. Usijaze zaidi ya theluthi, maana potasi ikiyeyuka hutoa povu na kumwagika. Pitisha nitrojeni dakika 30 kwanza, panda hadi 400 na utulie hapo nusu saa ili maji yatoke, kisha nenda 650 kwa saa moja. Kuna wanaopandisha hadi 800 na potasi mara nne ya mkaa. Wanapata eneo kubwa la uso na matundu mapana, yaani kaboni ya kazi nyingine.

Hatari kubwa iko mwishoni. Mmenyuko huu huzaa potasiamu ya metali, ambayo hupanda kama mvuke na kuganda kwenye ncha baridi ya bomba. Ikikutana na maji huwaka. Acha tanuri lipoe kabisa chini ya nitrojeni, kisha pitisha nitrojeni hiyo kwenye chupa ya maji kabla haijaingia bombani, kwa muda, ili unyevu uimalize metali polepole. Ndipo ufungue.

Osha kwa asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita. Itachemka povu: kaboneti inaachia hewa ya ukaa ile ile unayoiwinda. Baada ya hapo ni maji ya moto yaliyotoneshwa, mara sita au nane, hadi pH ifike 7. Wengi huchoka mara ya tatu. Chumvi inayobaki inaziba matundu membamba kwanza, na ukipima unadhani kifuu ndicho kibovu.

Kupima kunawezekana bila mashine ya bei. Pasha gramu 10 kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili, ziache zipoe kwenye chombo kilichofungwa, kisha pitisha hewa ya ukaa kavu ya mtungi hadi uzito uache kupanda. Ukiongezeka gramu 1.2, gawanya kwa 44 (gramu za moli moja ya hewa ya ukaa), kisha kwa 10: unapata moli 0.0027, yaani milimoli 2.7 kwa gramu. Andika na joto la chumba. Tafiti nyingi hupima kwenye nyuzi 0 au 25, na kwenye chumba cha nyuzi 31 namba yako lazima iwe ndogo.

Hiyo ni hewa ya ukaa tupu. Moshi wa bomba la kiwanda una asilimia 15 hivi, na hapo kaboni nzuri hushika milimoli 1 kwa gramu, yaani kilo 44 kwa tani ya kaboni kila mzunguko wa kunasa na kuachia. Linganisha na saruji, tunayoijua vizuri hapa kwa ajili ya mawe ya matumbawe ya Bamburi: tani moja ya klinka, yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya kilo 800 za hewa ya ukaa, na takriban 525 kati ya hizo zinatoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye moto. Yaani tani nzima ya kaboni inahitaji mizunguko zaidi ya 18 kwa tani moja ya klinka. Faida ya kaboni ni kwamba inaachia kirahisi: ipunguzie mgandamizo au ipashe hadi nyuzi 100 hivi, na iko tayari tena, bila kula nishati nyingi kama vimiminika vya amini, kemikali zinazotumika viwandani kunasa hewa hiyo hiyo.

Lakini moshi ukaushwe kwanza. Watu husema kaboni haipendi maji, na ni kweli mpaka unyevu wa hewa ufike asilimia 50 hivi. Ukipita hapo maji huanza kujikusanya matunduni na kuyajaza. Hata kopo la sampuli lisilo na mpira kwenye kifuniko litakudanganya, kwa hiyo ile saa mbili ya nyuzi 120 irudie kila unapopima.