Umeme ukikatika, chomoa plagi kwanza

Jumamosi iliyopita nilipeleka kisanduku stendi hapa Mbeya, nikamkabidhi kondakta wa basi linalopita Mafinga. Ndani kulikuwa na chuma changu cha kulehemu, kile cha wati 40 nilichoanzia nikiwa kidato cha pili, na waya wa lehemu, ule unaoyeyushwa kuunga vipuri, uliobaki nusu. Anayekipokea ni mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 13, ameshafungua redio mbili za Bibi na moja imerudi kuongea. Amekiomba tangu mwaka jana. Niliyekuwa nachelewesha ni mimi, kwa sababu najua kilichonitokea kwenye meza ileile atakayokalia yeye.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Mafinga anaijua Julai yake: jua likianza kuzama ukungu unashuka, madirisha yanafungwa, na kila mtu anatafuta pa kuotea moto. Nilikuwa sebuleni naunga waya uliokatika kwenye spika. Umeme ukakatika. Nikakilaza chuma mezani, nikaenda jikoni kwa wenzangu, tukala kwa mwanga wa kibatari, tukalala. Plagi niliiacha ukutani. Kwa akili yangu ya wakati ule, chuma kilikuwa kimeshazimika.

Umeme ulirudi usiku wa manane. Aliyeamka ni Bibi, usingizi wake mwepesi, akaifuata harufu hadi sebuleni. Chuma kilikuwa kimebiringika juu ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, kimekitoboa na kuanza kula mbao. Meza yetu ni ya paini, kama meza nyingi za Mufindi, na paini ina utomvu, haichelewi kushika moto. Alichomoa plagi, akamwagia maji, ndipo akaja kuniamsha. Hakunigombeza. Alinimulikia tundu kwa tochi ya simu akaniuliza, "Mjukuu wangu, na mimi ningekuwa nimelala, nani angetuamsha?" Tundu lile lipo hadi leo, kidole gumba kinaingia.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe mwingine unayeanza kazi hii nyumbani: umeme ukikatika, mkono uende kwenye plagi kabla haujaenda kwenye tochi. Usitegemee swichi, chomoa kabisa. Vyuma vingi vya bei ndogo kama hiki havina taa ya kuonyesha kuwa vina moto. Mimi huchomeka taa ndogo kwenye ekstensheni hiyohiyo, pembeni ya chuma. Ikiwaka tu, najua na chuma kinapata umeme.

Chuma kisilazwe mezani hata dakika moja. Humo kisandukuni nimekuwekea kishikilio nilichokunja kwa waya wa hanga ya nguo na kukikaza kwenye kipande cha ubao, na kigae cha sakafu cha kufanyia kazi juu yake. Ncha inaweza kupita nyuzi 350. Kikiponyoka, kiache kianguke. Kukidaka ni kukishika palepale penye moto, na nina alama mbili kwenye kiganja cha kulia kwa kosa hilo.

Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata kama ni asubuhi ya Juni na maji yanauma kuliko kidonda chenyewe. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali, hata akikushauri mtu mzima unayemheshimu. Mwambie ahsante, uendelee na maji. Lengelenge likiwa kubwa, muende zahanati.

Sasa dirisha. Hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapokosea kuliko watu wa pwani, kwa sababu ya baridi. Ule moshi mweupe unaopanda lehemu inapoyeyuka hautoki kwenye madini. Unatoka kwenye flaksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, iliyojazwa ndani ya waya, na flaksi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa utomvu wa mipaini, miti ya jamii ileile inayotuzunguka kuanzia shamba la miti la Sao Hill. Ndiyo maana harufu yake niliizoea haraka: ilikuwa harufu ya nyumbani, ya mbao zilizopasuliwa jana. Nikawa nainama hadi moshi unanifika puani, dirisha limefungwa. Mwisho wa muhula ule nilikuwa nakohoa kila nikikaa kulehemu. Moshi huo unaweza kumletea mtu pumu, na pumu ya namna hiyo ikishaingia, hata moshi kidogo tu huiamsha. Mafundi wa viwandani wamelipia somo hili kwa mapafu yao.

Fungua dirisha, vaa sweta mbili. Nimekuwekea na feni iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, ni ya volti 12 lakini kwa betri ya volti 9 inazunguka vya kutosha. Iweke upande wa dirishani ili ivute moshi kutoka usoni kwako na kuutoa nje. Kichwa kikae pembeni ya kazi, kisiwe juu yake. Na jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa, uwe unalehemu au hulehemu. Gesi yake haina harufu na inaua watu wamelala.

Nimesikia mafundi wakiuita waya huu risasi, na kweli madini ya risasi yamo: ulio humo kisandukuni ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Risasi yenyewe haichemki mpaka ipite nyuzi 1,700, kwa hiyo haikufuati kwa moshi. Inakufuata kwa vidole. Unashika waya, unashika bodi, halafu Mama anaita na unakwenda kumega ugali. Nawa kwa sabuni, sugua na chini ya kucha. Usiushike waya kwa meno mikono yote miwili ikiwa na kazi, mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa kibichi. Usifagie, maana vumbi litatua sakafuni anakotambaa mtoto wa shangazi, na risasi huumiza ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Wataalamu hawajapata kiasi chake kinachoweza kuitwa salama. Mimi siku hizi natumia waya wa bati na shaba, usio na risasi. Unataka nyuzi 227, unachosha kidogo, na moshi wake ni wa kuepuka vilevile. Lakini redio za zamani kama za Bibi zimeungwa kwa risasi, kwa hiyo kunawa hakuepukiki.

Wadada wenzangu, rasta za nailoni zinayeyuka. Zifunge nyuma kabla hujawasha. Na jaketi la nailoni ukilivaa kwa ajili ya baridi, tone moja la lehemu linaligandisha kwenye ngozi. Pamba ni bora.

Miwani ya kukinga macho ivaliwe kila mara, hasa unapokata miguu ya waya ya vipuri: kipande kinachokatwa hurukia popote. Kishike kwa kidole kabla ya kukata.

Anza na vitu vya betri: redio, tochi, kengele ya mlango. Chochote kinachotumia umeme wa ukutani usikifungue peke yako. TV ya chogo usiiguse kabisa ndani, hata ikiwa imechomolewa, inatunza umeme wa kuua. Betri za simu nazo usizilehemu, joto linaweza kuzilipua.

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili jioni, kisanduku kimefika. Nikamwuliza habari ya dirisha kabla ya salamu kwisha. Akasema liko wazi, Bibi amelifungua mwenyewe, amejifunika blanketi, na kiti chake amekisogeza hadi kwenye soketi.