Siku moja maishani mwangu: kupima mwanga wa rangi ing'aayo

Saa mbili asubuhi. Nawasha taa ya zenoni ya spektrofluorimita, mashine ya kumulika rangi na kupima mwanga inaoutoa, na kuiacha nusu saa itulie. Ukipima ikiwa baridi, namba zinayumba. Wengi wakisikia kazi ni rangi zinazong'aa, za skrini na za kugundua metali kwenye maji, hudhani tunashinda gizani tukitazama mwanga. Kwa kweli tunashinda tukiosha kyuveti, vichupa angavu vya kupimia.

Saa tatu. Miyeyusho mitano ya rangi mpya katika ethanoli, na mitano ya kwinini salfeti katika asidi ya salfuriki ya molari 0.5. Kwinini ndiyo ya kulinganishia: kila fotoni (chembe za mwanga) 100 inazomeza, hurudisha takriban 54. Namba kama hiyo ndiyo naitafuta kwa rangi mpya. Ufyonzaji, yaani kipimo cha mwanga unaomezwa, usivuke 0.1. Ukizidisha, mwanga unamezwa kabla haujafika katikati ya kyuveti, nawe utasema rangi ni hafifu, kumbe umeikoleza mno.

Saa nne na nusu. Kwanza asidi tupu, isiyo na kwinini. Naimulika kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 350, nayo inang'aa! Vilele viwili: 397 na 435. Nahamia 360. Kilele cha kwanza nacho kinahama hadi 410: huo ni mtawanyo wa Raman wa maji, mwanga wa taa uliotawanywa na maji yenyewe, hauna neno, unautoa kwenye hesabu. Cha pili hakibanduki. Kisichobanduka ni uchafu unaong'aa. Nabadili asidi: kipo. Nabadili kyuveti: kimepungua. Nani ameziosha kwa sabuni ya kufulia? Sabuni hizo hutiwa ving'arishi, navyo ni ndugu wa rangi zetu, humeza urujuanimno na kutoa bluu. Ndiyo maana shati jeupe hung'aa vile. Kyuveti zote kwenye asidi ya nitriki, maji mara kumi, ethanoli mara tatu, zikaushwe kwa naitrojeni. Napima. Bado kipo, kidogo. Naosha tena. Napima. Tena.

Mchana umepita saa ngapi, sijui. Mgongo unauma.

Jioni hatimaye asidi inanyamaza. Rangi mpya napulizia naitrojeni dakika 20, maana oksijeni huzima mwanga. Polepole, la sivyo ethanoli huvukiza na ukolezi kupanda. Nachora mwanga uliotolewa dhidi ya ufyonzaji: nukta tano zinakaa kwenye mstari unaopita sifuri. Mteremko wake nagawa kwa wa kwinini, nazidisha kwa 0.54, kisha kwa uwiano wa mraba wa vipeo vya upindaji (kiasi ambacho kila kimiminika hupinda mwanga), kwani ethanoli si maji. Ukisahau hilo, jibu linapungua kwa takriban asilimia 4.

Kabla ya kuzima taa nabandika karatasi kwenye sinki: SABUNI YA UNGA MARUFUKU.